Taa, Redio au Hadithi

Sisi wa pwani tumezoea kulalamika kwamba vyombo vya umeme vimetuharibia nyumba, na huyasema hayo huku simu zimo mikononi mwetu. Safari yetu ya Leparua imetufanya tuyaseme kwa tahadhari zaidi.

Leparua ni nchi ya wafugaji katika Kaunti ya Isiolo, jirani na hifadhi ya Lewa. Nyumba iliyotukaribisha ina paneli moja ya sola juu ya bati, betri moja, taa mbili, redio, na simu mbili. Ya baba ni mulika mwizi, isiyojua ila kupiga na kutuma pesa. Ya pili ni simu janja yenye ufa kwenye kioo, ambayo mama humwachia binti yake wa sekondari wakati wa likizo. Binti huyo hutunga hadithi. Huziandika humo kwa kidole gumba, usiku, kwa kuwa mchana yuko na mbuzi.

Siku ile ilikuwa ya mawingu, na betri haikushiba. Baada ya swala ya Isha wadogo walitaka taa wamalize kazi ya shule. Baba alitaka redio, asikie habari za mvua. Binti alitaka chaji, maana hadithi yake ilikuwa imefika mahali pagumu. Mama ndiye aliyehukumu: taa kwanza, redio wakati wa habari tu, kisha simu ipate kitakachosalia. Hakikusalia kitu. Binti akachukua daftari, akajongea kwenye taa ya wadogo zake.

M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilikuja kuwawezesha watu kununua sola kwa malipo madogo ya kila siku. Usipolipa, chombo hujifunga na nyumba huingia giza. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, mfugaji asiye na mbuzi wa kuuza alilipie nini taa? Huko kukipenda chombo ni kukihesabu kila jioni.

Asubuhi tuliomba kuisoma hadithi. Msichana mchungaji amepanda kilima kutafuta mtandao, ampelekee babake ujumbe mnadani Isiolo asimwuze ngamia wa maziwa. Jua limekuchwa. Chaji iliyobaki yatosha jambo moja: ujumbe, au kurunzi ya kumteremsha salama.

Faraji Katalambulla alipotoa riwaya yake ya upelelezi mwaka 1965, aliiita Simu ya Kifo, na chombo ambacho nyumba chache tu zilikuwa nacho kikasimama pale kwenye jalada. Leo kila nyumba ina simu, na hadithi tunazoletewa na vijana wetu zimejaa simu za bei ghali zilizotajwa kwa majina. Ziondoe, na hadithi haipungukiwi na kitu. (Wapo na watu wazima wenye kosa hilo.) Ya binti wa Leparua ukiiondoa simu, hakuna hadithi.

Hofu yetu ilikuwa juu ya ule ufa. Tulizikumbuka kanda za kaseti, ambazo pwani yetu ilizipenda kwa dhati. Wasiya wa Mabanati, utungo wa Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu wa miaka ya 1970, ulisikika majumbani kwa kanda, hata na wasiopata kuusoma. Lakini kanda ngapi za mabibi zetu, zenye sauti za arusi na nasaha, zimekatika utepe sandukuni, na hakuna aliyewahi kunakili maneno yake? Tulipomwuliza binti hadithi zake ziko wapi, alisema mbili zimo daftarini na tisa zimo simuni.

Mmoja wetu, kwa huruma, akamwahidi simu mpya. Mama akashukuru, kisha akasema kwa upole kwamba simu mbili zitagombea betri ile ile. Kama tuna la kuleta, tulete madaftari. Tuliyanunua mjini Isiolo siku hiyo hiyo, tukayapeleka.

Wakati wa kuagana tulimwuliza kama yule ngamia aliuzwa. Alisema hajaamua, angoja jua litoke.