Kabla ya Kusema Haina Madhara

Mwishoni mwa mwaka 1987, katika Chuo Kikuu cha Tufts mjini Boston, watafiti Ana Soto na Carlos Sonnenschein walikagua visahani vyao vya seli wakakuta vyote vimejaa. Zilikuwa seli za saratani ya matiti ziitwazo MCF-7, ambazo huzaana zikipata estrojeni na hutulia zikiikosa. Seramu ya kuzilisha walikuwa wameichuja kwa mkaa ili kuondoa homoni hiyo, mbinu waliyoizoea na kuiamini. Sasa hata visahani visivyotiwa tone la estrojeni vilikuwa na seli tele kama vilivyotiwa.

Walianza kwa kushuku mikono yao wenyewe. Wakabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine, miezi ikapita, hadi wakafika kwenye mirija ya plastiki iliyohifadhi seramu. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha mchanganyiko wa plastiki yake, na kilipoulizwa kimeongeza nini kikajibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Ikabidi wachambue wenyewe mpaka wakaipata nonilifenoli, kemikali inayotiwa kwenye plastiki ili isichakae upesi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991, na kutokana na kazi hiyo kikazaliwa kipimo: tia kemikali unayoishuku kwenye seli zilizonyimwa estrojeni, subiri siku kadhaa, kisha zihesabu.

Tukio hili husimuliwa sana kama habari ya ugunduzi wa bahati. Kwangu mimi uzito wake uko kwingine. Tuseme siku zile walikuwa wanapima kemikali mpya kwa kutumia mirija ileile. Wangekuta visahani vyenye kemikali na visivyo nayo vimefanana, na kwa nia njema kabisa wangeandika kwamba hakuna athari. Sumu iliyoingia kwenye kundi la ulinganisho haipigi kelele. Inafuta tofauti tu, na tofauti ikifutika kemikali hupata hati safi.

Jambo la namna hiyo lilimkuta mtafiti Patricia Hunt mjini Cleveland mwaka 1998. Mayai ya panya wake wa ulinganisho, ambao hawakupewa chochote, yalianza kuonyesha kromosomu zilizokaa ovyo. Kasoro iliyokuwa asilimia 1 au 2 ilipanda hadi 40. Chanzo kilikuwa sabuni kali isiyofaa, iliyotumiwa kuoshea vizimba na chupa za maji. Plastiki ilimomonyoka ikatoa bisfenoli A, na panya wakainywa. Kemikali hiyo haikuwa ngeni kwa wataalamu wa homoni: mwaka 1936 Charles Dodds, huko London, alikwisha kuonyesha kwamba ina tabia ya estrojeni. Ilijulikana hivyo, na bado ikaja kutumika katika chupa za watoto.

Kipimo cha wanyama kinachotegemewa sana leo kutambua kemikali zinazoiga estrojeni, kilichopitishwa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) mwaka 2007, hutumia panya majike ambao hawajabalehe au walioondolewa ovari. Hupewa kemikali kwa siku zisizopungua 3 mfululizo. Siku ya pili yake huuawa, mji wa mimba, ambao huvimba ukipata estrojeni, hutolewa, na mafuta yaliyoushika huondolewa kwa uangalifu kabla haujakauka. Hupimwa uzito, hutobolewa, hukandamizwa taratibu juu ya karatasi yenye unyevu ili maji ya ndani yatoke, kisha hupimwa tena. Hesabu yote ni ya miligramu, kwa hiyo kipande cha mafuta kilichosahaulika kinaweza kupotosha jibu. Chakula nacho kina sehemu yake. Soya, inayochanganywa sana kwenye chakula cha panya wa maabara, ina viambato vinavyoiga estrojeni, ndiyo maana OECD imeviwekea kikomo. Panya aliyekwisha kuvimba mji wa mimba kwa ajili ya soya hana nafasi kubwa ya kuonyesha kingine.

Halafu kuna ukoo wa mnyama, na hapa ndipo penye utata mkubwa zaidi. Mwaka 1999 James Spearow na wenzake walichapisha katika jarida la Science kwamba koo za panya hutofautiana mara 16 au zaidi katika kuathiriwa na estrojeni. Ukoo wa CD-1, uliochaguliwa vizazi na vizazi kwa sababu huzaa watoto wengi, ulikuwa mgumu kuathirika. Maabara huupenda kwa sababu hiyohiyo ya uzazi. Jopo la wataalamu nchini Marekani lilishauri mwaka 2001 kwamba mnyama achaguliwe kwa wepesi wake wa kuitikia homoni. Mazoea na urahisi wa kumpata havitoshi.

Serikali nazo hazikuwa na haraka. Bunge la Marekani liliagiza mwaka 1996 viuatilifu vipimwe kama vinavuruga homoni. Amri za kwanza za upimaji zilitolewa mwaka 2009, na matokeo ya kemikali 52 yakatangazwa mwaka 2015. Watoto waliozaliwa sheria ilipopitishwa walikuwa wamekaribia miaka 20.

Viuatilifu vinavyosajiliwa Nairobi na Arusha huja na majalada ya majaribio ambayo kwa sehemu kubwa yamefanywa ng'ambo, mara nyingi kwa fedha za muuzaji. Ofisa anayelifungua jalada hahitaji maabara ya mabilioni ili aulize panya walikuwa wa ukoo gani, walikula nini, na maji yao yalikaa kwenye chupa ya aina gani. Zaidi ya yote, aulize kama kulikuwa na kundi lililopewa estrojeni halisi kwa kipimo kidogo, na kama kundi hilo lilibadilika. Kama halikubadilika, au kama halikuwepo kabisa, jaribio hilo lirudishwe kwa aliyelileta, na lisiingizwe kwenye hesabu ya ushahidi kwamba dawa ni salama.