Samaki wa Maziwa ya Milimani: Barafu ya Ulaya na Sambaza wa Kivu

Ndugu wasomaji wa Munigi, na ninyi mnaokaa karibu na machimbo ya Masisi na Walikale, watu wengi wameniuliza neno hili: "Monitere, ni kweli kwamba katika nchi za baridi watu husimama juu ya maji ya ziwa na kuvua samaki?" Neno hilo ni kweli. Nitalieleza kwanza, halafu nitaeleza habari za ziwa letu, kwa maana ndilo linalotupa kitoweo.

1. Uvuvi juu ya barafu

Katika milima ya Ulaya na ya Amerika, wakati wa baridi kali, maji ya maziwa hugeuka barafu. Lakini ziwa haligandi lote. Maji yakipoa mpaka digrii 4 huwa mazito, nayo hushuka chini. Yakipoa kupita hapo huwa mepesi, hukaa juu, ndiyo yanayoganda. Kwa hiyo barafu huelea juu kama kifuniko cha chungu, na chini yake maji hubaki maji, na samaki huishi humo.

Mvuvi hutoboa tundu katika barafu, hutumbukiza ndoana yenye chambo, huketi kungoja. Samaki anayetafutwa mara nyingi ni trauti, samaki wa maji baridi na safi. Tena mvuvi mwenye akili hupima barafu kabla ya kuikanyaga. Barafu ngumu ya sentimeta 10 humchukua mtu mmoja anayetembea. Ikiwa nyembamba kuliko hiyo, huenda ikapasuka, naye akazama. Shikeni neno hili la kupima kabla ya kukanyaga, kwa maana tutalirudia.

Trauti aliletwa hata Afrika yetu. Mwaka wa 1905 mayai yake yalitoka Uskoti, na samaki walitiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare katika nchi ya Kenya. Wakazaa. Lakini katika Ziwa Kivu trauti hawezi kukaa, kwa sababu maji yake ya juu yana joto la digrii 23 au zaidi, na trauti anataka maji baridi kuliko hayo.

2. Kwa sababu gani Kivu lilikuwa na samaki wachache?

Ziwa Kivu ni ziwa la milimani kweli. Limekaa juu ya bahari kwa kimo cha meta 1,460 hivi. Zamani sana maji ya bonde hili yalikwenda kaskazini. Milima ya moto ya Virunga ikatoka, mawe yake yakaziba njia, maji yakajaa kama maji ya bwawa. Sasa yanatoka upande wa kusini kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Ninyi watu wa Munigi mnayajua mawe hayo, kwa maana nyumba zenu zimejengwa juu yake, nanyi mliona mawe mapya yakishuka mwaka wa 2002, na tena mwaka wa 2021.

Ziwa hili ni refu sana kwenda chini, karibu meta 480. Lakini samaki hawawezi kukaa mahali pote. Kupita meta 60 hivi hakuna hewa ya kupumua ndani ya maji. Kwa hiyo samaki wanakaa katika sehemu ya juu tu, kama watu wenye nyumba kubwa ambao chumba kimoja tu kinafaa kulala.

Zamani hata chumba hicho hakikujaa. Samaki wa asili wengi walikaa karibu na pwani. Katikati ya ziwa vilikuwako vijidudu vidogo sana vinavyoelea, lakini hapakuwa na samaki wa kuvila. Shamba lilikuwa limeota, na mvunaji hakuwako.

3. Sambaza walikuja namna gani

Kati ya mwaka wa 1958 na 1960 samaki wadogo wa Tanganyika walichukuliwa wakatiwa Kivu. Wenyewe wasingeweza kupanda, kwa kuwa mto Ruzizi una maporomoko. Waliotazamiwa sana kustawi ni ndagaa wa namna nyingine, lakini hao hawakuishi. Aliyeishi ni ndugu yao, ambaye wataalamu humwita Limnothrissa miodon, nasi tunamwita sambaza. Alikuta vijidudu vingi, akala, akazaa, akaenea ziwa lote. Leo sambaza ni kitoweo cha maskini na cha tajiri pia, nao waliokaushwa hufika mbali, hata kwenye machimbo.

4. Namna ya kuwavua

Mchana sambaza hushuka chini, usiku hupanda juu. Kwa hiyo wavuvi hutoka jioni. Hufunga mitumbwi mitatu ubavu kwa ubavu kwa miti mirefu, na wavu mkubwa hutundikwa katika miti hiyo. Wakifika mahali pazuri huushusha wavu chini ya maji, kisha huwasha taa. Vijidudu hufuata mwanga, na sambaza hufuata vijidudu. Wakikusanyika, wavuvi wote huvuta kamba pamoja, na wavu hupanda na samaki ndani yake. Usiku wa mbalamwezi faida hupungua, kwa maana mwanga umeenea kila mahali, na taa haina nguvu ya kuwaita.

5. Hatari iliyo chini

Nilisema kwamba mtu wa Ulaya hupima barafu kabla ya kuikanyaga. Sisi hatuna barafu, lakini nasi tuna hatari iliyofichika chini. Katika maji ya ndani ya Kivu imo gesi nyingi sana. Moja ni ile inayowaka, nayo upande wa Rwanda huvutwa na kutengenezwa umeme. Nyingine haiwaki, nayo ndiyo inayoua kwa kuziba pumzi. Huko Kamerun, mwaka wa 1986, gesi ya namna hii ilitoka ghafula katika ziwa Nyos, ikaua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja. Uzito wa maji ya juu huishikilia gesi ya Kivu ikae chini, na wataalamu huendelea kuipima.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni mazuku. Hiyo ni gesi iyo hiyo isiyowaka, inayotoka katika nyufa za ardhi karibu na Goma na njia ya Sake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala katika mashimo na mabonde madogo, hasa alfajiri kabla upepo haujavuma. Haionekani. Mkiona ndege au panya wamekufa ndani ya shimo, msishuke. Mtu akianguka humo, msimfuate mbio bila kufikiri, kwa maana wengi wamekufa wakimfuata ndugu yao. Anayeshuka kuvua au kuteka maji alfajiri apite njia ya juu, na mtoto asitangulie. Mtoto yu karibu na ardhi kuliko mkubwa, gesi humfikia kwanza.

6. Kazi yenu ninyi mnaonunua

Labda mtasema: "Sisi si wavuvi, sisi ni walimaji na wachimbaji. Habari hizi zatuhusu nini?" Zawahusu sana. Sambaza hutaga karibu na pwani, na watoto wao hukulia huko. Watu wengine huburuta pwani nyavu zenye matundu madogo sana, hata chandarua cha mbu, wakawakusanya watoto wasiotimiza urefu wa kidole. Mvuvi huyo hufanya hivyo kwa sababu yuko mtu wa kununua. Mnunuzi akikataa, wavu ule hauna faida. Anayekula mbegu asishangae kukosa mavuno.

Basi, ndugu zangu na mama zangu, shikeni mambo haya sokoni na nyumbani:

Kwanza, msinunue sambaza wachanga, hata bei ikiwa ndogo.

Pili, mkinunua wabichi, waosheni kwa maji safi, watieni chumvi kidogo, waanikeni juu ya uchaga wenye wavu. Msiwaanike chini juu ya mchanga au mawe. Wafunikeni ili nzi wasitage, tena wageuzeni mara nyingi.

Tatu, jaribuni kama wamekauka. Sambaza mkavu huvunjika kwa kidole. Akijipinda tu, bado ana maji ndani. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga gunia wakati wa mvua kabla ya kuwajaribu. Baada ya siku chache uvundo ukajaa nyumbani, na fedha ya mwezi mzima ikatupwa shimoni.

Nne, wapeni watoto sambaza wazima pamoja na mifupa yao. Mifupa ile laini hujenga mifupa ya mtoto. Mtoto anayekula bugali na sombe peke yake hushiba, lakini mwili wake hukosa chakula cha kuujenga. Mchimbaji anayeleta nyumbani fedha na halete samaki wala maharagwe ameleta nusu ya kazi.

Wazee wetu walilikuta ziwa hili likiwa na samaki wachache. Sisi tumelikuta lina sambaza. Watoto wetu watalikutaje? Jibu limo katika matundu ya wavu, na katika kikapu cha mama anayesimama sokoni na kuchagua.