MACHO MEKUNDU SI UCHAWI
Huduma kwa wenye uoni hafifu eneo la Kharumwa

Tumeulizwa mara kadhaa kwa nini kazi ya diakonia eneo la Kharumwa inatia mkazo kwenye macho, wakati mahitaji ya maji na madarasa bado ni makubwa. Jibu letu ni kwamba huku kwetu mtu anayepungukiwa na nuru ya macho anaweza kupoteza kazi yake na nafasi yake nyumbani, na akiwa ni mama mzee, hata uhai wake.

Tuanze na hilo la uhai, maana ndilo wafadhili walio mbali hulielewa kwa shida. Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita, ndani ya nchi ya Wasukuma. Kwa miaka mingi macho mekundu ya bibi kizee yamehesabiwa hapa kuwa alama ya uchawi. Mtoto akifa ghafla, au ng'ombe wakipukutika, watu hukimbilia kwa mpiga ramli, na wakirudi kidole humwelekea bibi yule yule. Takwimu za serikali za miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha kuwa zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wa Mwanza na Shinyanga (Mkoa wa Geita ulikuwa haujazaliwa, ulianzishwa mwaka 2012), na wanawake walizidi wanaume. Mauaji hayo hayakukoma mwaka 1984.

Sasa wekundu huo unatoka wapi? Unatoka jikoni. Miti ya Usukuma ilifyekwa kwa wingi ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kuwahimiza wananchi kurudisha ngitili, sehemu nyingi zilikuwa zimebaki uwanda mtupu. Mahali kuni zinapokosekana, mama hupikia mabua na samadi kavu ya ng'ombe, mara nyingi ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Akifanya hivyo kwa miaka arobaini, macho yatakosaje kuwa mekundu? Mumewe hakai jikoni, ndiyo maana macho yake yamesalimika. Wako pia wenye trakoma, yaani vikope, ambapo kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Huo ni ugonjwa unaojulikana na wenye tiba.

Wenzetu wa shirika la Maperece wilayani Magu, wakishirikiana na HelpAge International, waliliona jambo hili mapema. Pamoja na kuwaelimisha wanakijiji na sungusungu, waliwasaidia wazee kupata majiko yanayopunguza moshi. Kwa maoni yetu kila usharika wenye fundi wa kufinyanga udongo unaweza kuanza na hilo bila kusubiri fedha za mradi. Tena mwinjilisti akilieleza jambo la moshi mbele ya waombolezaji msibani, pale pale maneno ya uchawi yanapoanza kunong'onwa, atakuwa amefanya kazi kubwa.

Upande wa kazi, tatizo lililo kubwa kwa idadi ndilo rahisi kuliko yote. Kuanzia miaka 40 hivi jicho la kila mtu huanza kushindwa kuona vitu vya karibu, kwa kuwa lenzi ya ndani hukakamaa. Uchunguzi uliofanyika Kongwa, Dodoma, na kutolewa mwaka 2006 ulikuta hali hiyo kwa watu takriban 6 kati ya 10 wenye umri huo. Cherehani huwekwa pembeni kwa sababu sindano haitungiki, na mama anayechambua mchele huacha mawe. Mwimbaji wa kwaya naye hujitoa akisingizia kifua, kumbe hasomi tena kitabu cha nyimbo. Dawa yake ni miwani ya kusomea. Huko Assam, India, wachuma chai wa umri huo waliopewa miwani waliongeza mavuno kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao wasiopewa. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2018. Hatuoni kwa nini mshonaji wa Kharumwa awe tofauti.

Kwa wanaoponda mawe ya dhahabu machimboni shida ni nyingine. Kipande kidogo cha jiwe kikiruka huchubua jicho, na jeraha likipata uchafu hugeuka kidonda. Hapo ndipo watu hutia maji ya majani, au dawa ya dukani aliyoitumia jirani, na kidonda huacha kovu jeupe lisiloruhusu mwanga kupita. Jicho jekundu linalouma huku uoni ukipungua ni la kupelekwa kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Mtoto wa jicho hauumi. Huja taratibu kama ukungu, na wengi huuita uzee, wakakaa gizani miaka wakati wangeweza kuona. Upasuaji wake kwa kawaida ni mfupi, mgonjwa akiwa macho, na huwekewa lenzi bandia. Presha ya macho ni kinyume chake: kinachopotea hakirudi, kwa hiyo mwenye ndugu aliyepofuka kwa ugonjwa huo apimwe hata kama anaona vizuri.

Nyumbani kuna hatari nyingine ambayo hatuisikii ikisemwa sana. Mzee asiyeona vizuri humkabidhi mjukuu simu pamoja na namba ya siri, au huweka dole gumba kwenye karatasi ya shamba aliyosomewa nusu. Isaka macho yake yalipofifia alidanganywa na watu wa nyumba yake mwenyewe. Tunashauri mzee wa kanisa awepo karatasi za namna hiyo zinaposomwa, na namba ya siri abaki nayo mwenyewe.

Kanisani tusiwaondoe watu hawa katika huduma. Eli macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini ni yeye aliyetambua kwamba Bwana ndiye anayemwita kijana Samweli. Mzee anayejua liturujia kwa moyo aiongoze, na anayefundisha kipaimara asomewe somo na wanafunzi wake.

Tunaziomba kamati ziandike majina ya wenye shida ya macho mtaa kwa mtaa, zikitenganisha wanaohitaji miwani, wenye ukungu machoni, na wenye maumivu. Gharama kubwa kwa wengi ni nauli, pamoja na chakula cha msindikizaji. Wanaopewa rufaa ya Bugando, Mwanza, kwa njia ya Sengerema hawangoji tena kivuko, maana daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025. Michango ya nauli ipokelewe na mhazini wa usharika kwa stakabadhi, na mgonjwa aondoke na ndugu mmoja anayejua njia ya kurudi.