Yatokayo Ndani ya Mwili: Maneno ya Tiba na Maana Zake

Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mapema kwamba maradhi huletwa na viini kutoka nje: malaria huenezwa na mbu, na kipindupindu huenezwa na maji au chakula kilichochafuliwa na bakteria. Mafundisho hayo ni sahihi, lakini si kamili. Yako maradhi ambayo chimbuko lake ni mwili wenyewe. Wahenga walinena, “Kikulacho ki nguoni mwako”. Katika maradhi haya hakimo hata nguoni, bali kimo damuni. Tiba imeyapa mambo hayo majina yenye asili ya Kigiriki, na asiyeyatofautisha huweza kumpotosha mgonjwa.

Jina la kwanza ni endojeni, yaani kilichozaliwa ndani. Kinyume chake ni eksojeni, yaani kilichotoka nje. Insulini, homoni inayowezesha sukari iliyomo katika damu kuingia katika seli, huweza kuwa ya namna zote mbili. Kongosho hutengeneza kwanza protini moja ndefu, kisha huikata ikapatikana insulini pamoja na kipande kiitwacho peptidi C. Vyote viwili humwagwa katika damu kwa idadi iliyo sawa. Insulini ya sindano haina kipande hicho. Kwa hiyo, daktari akipima peptidi C katika damu ya mgonjwa anayedungwa insulini, hutambua ni kiasi gani bado kinatengenezwa na kongosho lenyewe.

Jina la pili huanza na oto, lenye maana ya “mwenyewe”. Kiswahili hakina shida hapa, kwani silabi moja, -ji-, yatosha: kujikata, kujilinda, kujishambulia. Maradhi ya otoimuni ni yale ambayo kinga ya mwili hujishambulia, ikizidhania seli za mwili kuwa ni adui. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alieleza kwamba mwili huepuka kujitilia sumu. Wengi waliomfuata walichukulia kwamba jambo hilo haliwezi kutokea kamwe. Mwaka 1956 Noel Rose na Ernest Witebsky, huko Buffalo, Marekani, walionyesha kwamba sungura waliodungwa dondoo ya tezi dundumio ya sungura walitengeneza kingamwili dhidi ya tezi hiyo, na tezi zao wenyewe zikadhurika. Mwaka huohuo Ivan Roitt, Deborah Doniach na Peter Campbell, huko London, walizikuta kingamwili za namna hiyo katika damu ya wagonjwa wa tezi.

Jina la tatu ni idiopathia. Kwa asili lina maana ya ugonjwa unaojitegemea, usioletwa na ugonjwa mwingine. Leo daktari hulitumia pale ambapo sababu haijajulikana. Basi halithibitishi kwamba ugonjwa umetoka ndani. Hukiri tu kwamba uchunguzi haujafika mwisho.

Umuhimu wa tofauti hizi huonekana wazi katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Hapa kinga ya mwili huziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto huona kiu kali, hukojoa mara kwa mara, hukonda na kuchoka. Watu wanaposikia kwamba ugonjwa umetoka mwilini mwake, wako wanaodhani kwamba aliuleta mwenyewe kwa kupenda vitu vitamu, au kwamba amerogwa. Dhana zote mbili si za kweli. Kutoka ndani si kosa la mgonjwa. Wala si lazima mzazi wake awe na ugonjwa huo: urithi huongeza uwezekano tu, na watoto wengi wanaougua hawana ndugu mwenye ugonjwa huo.

Hatari kubwa huja pale anaposhauriwa kuacha sindano ili mwili “ujitibu”. Kabla ya mwaka 1922, insulini ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa huko Toronto, Kanada, watoto wa namna hii walikufa baada ya muda mfupi. Insulini ya endojeni ikikosekana, ile ya eksojeni ndiyo uhai wake. Mwalimu aonaye dalili hizo kwa mwanafunzi wake amhimize aende hospitali siku hiyohiyo akapimwe sukari.