Degedege si ndege wala pepo

Ndugu mzazi, mtoto akishikwa na homa kali, akakakamaa na kugeuza macho, wengine husema amepitiwa na ndege wa usiku. Sivyo. Hiyo ni degedege, na hapa kwetu mara nyingi huletwa na malaria. Mbu huleta pia virusi vinavyoweza kushambulia ubongo, kama vile vya West Nile, vilivyogunduliwa Uganda mwaka 1937.

Malaria ina dawa. Virusi hivyo havina dawa yake, lakini mtoto huhitaji uangalizi wa mganga. Kwa macho huwezi kujua ni ipi, ni lazima damu ipimwe.

Ufanye nini? Mlaze kwa ubavu, mlegeze nguo. Usimtie kijiko wala dawa mdomoni. Usimchanje, usimfukize moshi. Mpeleke zahanati mara moja, hata usiku, hata kama degedege imekwisha. Ukichelewa, anaweza kupooza, kubaki na kifafa au kufa.

Kila usiku mlaze ndani ya chandarua chenye dawa. Chandarua si cha kufugia kuku wala kuzungushia bustani.

Kinga ni bora kuliko tiba.