Barabara ya Mto Columbia na Jasho la Waashi

Katika jimbo la Oregon, Marekani, iko barabara iliyochongwa majabalini kando ya Mto Columbia. Ilianzwa mwaka 1913 chini ya mhandisi Samuel Lancaster, ikafika mji wa The Dalles mwaka 1922. Kuta zake za mawe zilijengwa na waashi, miongoni mwao Wataliano waliohamia huko.

Ilipojengwa barabara kuu mpya, sehemu za ile ya kale ziliachwa, na mahandaki ya Mosier yakajazwa kifusi. Mwaka 2000 mahandaki hayo yalifunguliwa tena, wapite watembeao kwa miguu na waendao kwa baiskeli.

Jina la mhandisi hutajwa sana. Waashi hutajwa kwa nadra. Sisi twasema: barabara ni jasho la wafanyakazi, na kuitunza ndiko kuwaheshimu.