Kibuyu cha mgeni Londiani

Msomaji, Kericho imesifika kwa majani chai, na wengi hudhani mgeni wa huko hukaribishwa kwa chai tu. Chai haikosekani, naam. Lakini katika boma nililofikia Londiani, baridi ya mlimani ikiniuma masikio, heshima ya mgeni ilikuwa ndani ya kibuyu.

Wajapani nao wana yao. Chai ya unga wa kijani hukorogwa mbele ya mgeni kwa kifagio kidogo cha mwanzi, naye hulizungusha bakuli kabla ya kunywa. Nilipomweleza mzee wa boma habari hizo, nikaona Japani kwake ni jambo jingine kabisa: ni Tokyo, mwaka 1964, ambako Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mbio za mita 800. "Chai yao hiyo," akaniuliza, "inampa mtu mbio?"

Mursik si maziwa lala ya dukani. Mama mwenyeji alinionyesha kazi yenyewe, nayo ilinivutia kuliko hata kinywaji. Kibuyu, ambacho Wakipsigis hukiita sotet, husafishwa kwa sosiot, kijiti kirefu chenye ncha kama ufagio. Kisha kipande cha mti wa senetwet, kikiwa chekundu kwa moto, huingizwa ndani, kaa likasagwa na kusuguliwa mpaka ukuta wote uwe mweusi. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, kibuyu kikafungwa kwa siku kadhaa.

"Haya, mwanangu, jaribu," akanipa sosiot. Mkono wangu ulichoka upesi. Yeye alicheka, akaendelea kusugua huku akisimulia habari za mvua. Saa haitazami. Hunusa mdomo wa kibuyu, akajua.

Nikamiminiwa. Rangi yake kijivu, harufu ya moshi, na ukali huja baadaye, kooni. Kwa kimnyet, ule ugali wa wimbi, nilisema "kongoi" na kuongezewa.

Binti yake anafanya kazi mjini, na mursik huinunua ya chupa ya plastiki. Mama hamlaumu; chumba cha kupanga hakina pa kuwashia kuni. Vibuyu vinne vilikuwa vimening'inia ukutani. Nilimwuliza nani atavirithi. Akavitaja vitatu na wenyewe, cha nne akakipangusa vumbi, akakirudisha mahali pake.